Ubia wa Serikali na Sekta Binafsi nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yamekusudiwa wafanyabiashara, wakulima, madiwani na raia wengine wa Uganda wanaosikia habari za ubia katika hotuba za bajeti na mikutano ya wilaya, lakini hawapati pa kuuliza. Yameegemea zaidi miradi iliyokwisha kuwa na historia kuliko mipango iliyo mezani, kwa kuwa tabia ya mkataba huonekana baada ya miaka kadhaa ya utekelezaji, wala si siku ya kutiwa saini.

Ubia ni nini, na unatofautianaje na zabuni ya kawaida ya serikali?

Katika zabuni ya kawaida, serikali humlipa mkandarasi ajenge barabara au hospitali, mkandarasi hukabidhi kazi na kuondoka, na kuanzia hapo matengenezo na hasara zote ni za serikali. Katika ubia, kampuni binafsi hutafuta mtaji, hujenga au hukarabati, huendesha huduma kwa miaka mingi, mara nyingi ishirini au thelathini, na hurudisha fedha zake polepole kutokana na ada za watumiaji au malipo ya serikali. Muda ukiisha, mali hurudi mikononi mwa umma.

Tofauti kubwa haimo katika nani anajenga. Imo katika nani anabeba hasara mambo yakienda kombo: ujenzi ukichelewa, wateja wakiwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, shilingi ikishuka thamani dhidi ya dola, au mvua zikikosekana na ziwa likapungua maji. Anayesoma mkataba wa ubia na aanzie kwenye vifungu hivyo. Kiasi cha uwekezaji kinachotangazwa redioni hakimwambii mengi.

Je, si ubinafsishaji kwa jina jingine?

Hapana. Katika ubinafsishaji mali huuzwa na umiliki huhama moja kwa moja. Katika ubia serikali hubaki mwenye mali, au hurudishiwa mali hiyo mwishoni. Hata hivyo, mwananchi aliyeshuhudia mashirika ya umma yakiuzwa katika miaka ya 1990 ana haki ya kuwa na shaka, kwa sababu kwa mteja anayelipa ankara kila mwezi tofauti hiyo haionekani kwa urahisi.

Ni sheria gani inayosimamia ubia nchini?

Msingi wake ni Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2015, iliyotanguliwa na sera ya mwaka 2010. Wizara ya Fedha ina kitengo maalumu cha kuzishauri wizara na serikali za mitaa, na ipo kamati ya kitaifa inayopitia miradi. Mradi unatakiwa ufanyiwe upembuzi yakinifu kabla ya kutangazwa, na sheria inaruhusu pia kampuni kuleta pendekezo lake yenyewe bila kualikwa. Njia hii ya mwisho ndiyo inayohitaji macho zaidi, kwa kuwa mwenye wazo hufika mezani akiwa peke yake, bila mshindani wa kuonyesha kama bei yake ni ya haki.

Katiba nayo ina neno. Ibara ya 159 inataka mikopo na dhamana za serikali ziidhinishwe na Bunge, na ibara ya 119 inataka ushauri wa kisheria wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kabla serikali haijajifunga kwa mikataba.

Barabara ya haraka ya Entebbe tunailipia. Hiyo nayo ni ubia?

Si kwa maana kamili. Barabara hiyo ya kilomita 51, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa mkopo wa dola milioni 350 kutoka Benki ya Exim ya China pamoja na fedha za serikali yenyewe. Tozo zilianza Januari 2022, zikikusanywa na kampuni ya Kifaransa iliyopewa kazi ya uendeshaji, na gari dogo lililipa shilingi 5,000 kwa safari. Deni ni la serikali, magari yapite yasipite.

Barabara ya haraka ya Kampala hadi Jinja ndiyo iliyobuniwa kuwa ubia wa kweli: mwekezaji ajenge, aendeshe kwa miaka 30, kisha airudishe. Imechukua miaka mingi mno kuiva, na sababu mojawapo ni ardhi. Hilo litajibiwa chini zaidi.

Kwa nini bwawa la umeme la Bujagali, katika Mto Nile, linatajwa kila yanapozungumzwa mambo ya ubia?

Kwa sababu ndilo somo kubwa zaidi tulilonalo, nalo lina pande mbili ambazo watu hupenda kuzitenganisha.

Upande wa kwanza ni hali iliyokuwapo. Mwekezaji wa awali kutoka Marekani, kampuni ya AES, alijitoa mwaka 2003. Miaka miwili mitatu baadaye ukame ulishusha kina cha Ziwa Viktoria, mitambo ya mabwawa ya Nalubaale na Kiira ikakosa maji ya kutosha, mgawo wa umeme ukawa wa siku kwa siku, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Viwanda vya Jinja na Kampala vilijua maana ya giza. Ujenzi ulipoanza tena mwaka 2007 chini ya wabia wapya, wakiwamo kampuni tanzu ya Mfuko wa Aga Khan na kampuni ya Sithe Global, serikali haikuwa na nafasi kubwa ya kujadiliana. Mwaka 2012 bwawa lilikamilika likiwa na uwezo wa megawati 250, na mgawo mkali wa umeme ukakoma. Faida hiyo ilikuwa ya kweli, na anayeisahau hakuwa na mashine ya kusaga mwaka 2006.

Upande wa pili ni bei. Mkataba uliandikwa kwa namna ambayo serikali, kupitia kampuni yake ya usafirishaji wa umeme, hulipia uwezo wa mitambo kuzalisha, si umeme uliotumika peke yake. Aliyekodi basi zima kwa ajili ya harusi hulipa basi zima hata kama wageni wamejaza nusu ya viti. Maadamu mitambo ipo tayari, malipo yanakwenda. Utaratibu huu si wizi. Benki zilizokopesha mamia ya mamilioni ya dola zisingekubali vinginevyo. Lakini una maana kwamba hatari ya kukosa wateja ilihamishiwa kwa umma, na kwa kuwa mikopo ilikuwa ya dola, hatari ya kushuka kwa shilingi ilikwenda njia hiyo hiyo. Mikopo hiyo ilipangwa upya mwaka 2018 ili bei ipungue, na msamaha wa kodi ya mapato uliopewa kampuni umekuwa ukirudi bungeni mara kwa mara, ukizua mjadala kila unaporudi.

Uzito wa jambo hili umeongezeka sasa. Mabwawa ya Isimba (megawati 183, mwaka 2019) na Karuma (megawati 600, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024), yaliyojengwa kwa mikopo ya China, yameifikisha nchi kwenye uwezo wa zaidi ya megawati 2,000, kiwango kinachozidi mahitaji ya kawaida. Kwa hiyo nyaya za kufikisha umeme kwenye maeneo ya viwanda na vijijini zina haraka kuliko bwawa jingine. Wawekezaji hawazikimbilii sana nyaya, kwa kuwa faida yake ni ndogo na wateja wametawanyika.

Ubia ukiisha, nini hutokea?

Mfano ulio karibu ni Umeme, kampuni iliyosambaza umeme kwa mkataba wa miaka 20 kuanzia Machi 2005 hadi Machi 2025. Wakati wake wateja waliongezeka kutoka takriban laki tatu hadi zaidi ya milioni mbili, na upotevu wa umeme, ambao mwanzoni ulikuwa zaidi ya theluthi moja, ulishuka kwa zaidi ya nusu. Malalamiko makubwa yalihusu kifungu kilichoihakikishia kampuni faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji wake. Serikali ilikataa kuongeza muda, na kuanzia 1 Aprili 2025 kampuni ya umma, UEDCL, ikachukua kazi.

Utata ulikuja kwenye hesabu ya mwisho. Mkataba ulitaka kampuni ilipwe thamani ya uwekezaji ambao haujarudi. Serikali ililipa dola milioni 118 kwa kufuata hesabu ya Mkaguzi Mkuu, kampuni ikadai zaidi, na mgogoro ukapelekwa kwa waamuzi mjini London. Hapa kuna jambo ambalo wanaoandaa mikataba mipya hawana budi kulizingatia: uwekezaji ukaguliwe na kukubaliwa mwaka kwa mwaka, pande zote mbili zikitia saini, maana hesabu za miaka 20 zikifunguliwa wiki ya mwisho haziwezi kumridhisha yeyote.

Je, upo ubia uliomfikia mkulima na mvuvi, mbali na Kampala?

Upo, nao uko Kalangala, katika visiwa vya Ssese. Anayefika Bukakata, upande wa Masaka, huvuka kwenda Luku katika kisiwa cha Bugala kwa vivuko vilivyoletwa chini ya ubia wa kampuni ya Kalangala Infrastructure Services. Kampuni hiyo hiyo ilishughulikia barabara kuu ya kisiwa yenye kilomita 66, maji, na umeme wa jua uliounganishwa na jenereta. Abiria hawatozwi nauli, kwa kuwa serikali ndiyo inayolipia huduma hiyo. Kabla ya hapo safari ilitegemea kivuko kichakavu na mitumbwi, na mwenye samaki alikuwa akiombea hali ya hewa.

Vivuko hivyo vipya visingekuwa na maana kubwa bila jambo la pili, ambalo ni michikichi. Chini ya mradi ulioanza mwaka 1998, serikali, Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo na, baadaye, kampuni ya Bidco walianzisha kilimo cha mawese kisiwani: shamba kuu la kampuni na kinu cha kukamulia upande mmoja, wakulima wadogo upande mwingine. Mkulima mdogo alikopeshwa miche, mbolea na gharama za kutunza shamba kupitia mfuko wa wakulima, akasubiri miaka takriban mitatu mche uzae, kisha akaanza kuuza vishada kwa kinu huku sehemu ya malipo yake ikikatwa kulipia mkopo. Zao hili halikubali kungoja. Tunda likishakatwa linatakiwa lifike kinuni ndani ya siku moja au mbili, la sivyo asidi hupanda na mafuta huharibika. Ndiyo maana barabara ya kisiwa ilikuwa sehemu ya shamba, na lori likikwama topeni lilikuwa linaharibu kipato cha familia kadhaa kwa mpigo.

Yako pia yasiyopendeza. Misitu ya kisiwa ilikatwa, na baadhi ya wakazi waliokuwa wakilima au kuchunga kwenye ardhi isiyo na hati walijikuta nje ya mashamba, wengine wakienda mahakamani. Aidha, mkulima mwenye mnunuzi mmoja tu hana pa kukimbilia bei ikishuka. Pamoja na hayo yote, kwa maoni yetu Kalangala inafundisha zaidi kuliko miradi mikubwa ya mabwawa, kwa sababu huduma ya umma, zao la kuuza na mkopo wa mkulima vilikuja pamoja. Wilaya nyingi hupata kimoja na kungoja vingine miaka kumi.

Vipi kuhusu miradi inayovuka mipaka ya nchi?

Uganda haina bahari, kwa hiyo kila mpango wa kukuza uchumi wake huishia Mombasa, Dar es Salaam au Tanga, na sasa pia Kisangani na Juba. Historia ya ubia wa kuvuka mipaka imechanganyika.

Jaribio la reli lilishindwa. Kenya na Uganda zilikabidhi kwa pamoja reli yao kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25. Wenye hisa walibadilika, mtaji ulikuwa mdogo kuliko kazi, mizigo haikufikia malengo, na kufikia mwanzoni mwa 2018 nchi zote mbili zilikuwa zimeuvunja mkataba. Malori yakaendelea kujipanga Malaba.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lina muundo tofauti: kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, kampuni za mafuta za serikali ya Uganda na ya Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, hivyo bomba linapashwa joto njia nzima ili yasigande. Kuwa mwenye hisa kunaipa serikali kiti mezani na gawio, lakini pia kunaifanya ibebe sehemu yake ya gharama zinapopanda. Benki kadhaa zilijitenga na mradi kutokana na pingamizi za kimazingira, na wenye hisa wakalazimika kutoa zaidi mifukoni mwao.

Ziwani mambo yamekwenda kwa kimya zaidi. Kenya ilijenga gati la mafuta Kisumu, na upande wa Uganda kampuni binafsi ya Mahathi ikajenga gati na matangi karibu na Entebbe, ili petroli ivuke kwa meli badala ya kuzunguka kwa lori. Gati la Kisumu lilikaa muda mrefu bila kazi kwa sababu la upande wa pili halikuwa tayari, na hilo hutokea kila mbia mmoja anapojenga kwa kalenda yake.

Kwa upande wa magharibi, kazi ya kuboresha barabara za Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma, jumla ya kilomita 223 ndani ya Kongo, ilianza mwaka 2021. Mji wa Bunagana ulitekwa na waasi wa M23 mwezi Juni 2022 na kipande hicho kikasimama. Mwekezaji hawezi kulaumiwa akidai bima ya vita kabla ya kuweka fedha zake huko.

Na shule na hospitali?

Huku matokeo ni hafifu zaidi. Baada ya elimu ya sekondari kwa wote kuanza mwaka 2007, serikali ililipa shule binafsi shilingi 47,000 kwa mwanafunzi kwa muhula ili zipokee watoto mahali pasipo na shule ya umma. Kiasi hicho hakikutosha, shule nyingi ziliongeza michango, na serikali ikauondoa mpango huo hatua kwa hatua. Kwa upande wa afya, ushirikiano wa zamani na hospitali za madhehebu ya dini, kama Lacor kule Gulu, umedumu vizuri, ingawa ruzuku ni ndogo.

Hospitali ya Lubowa ni habari nyingine. Mwaka 2019 Bunge liliidhinisha hati za ahadi ya malipo za takriban dola milioni 379 kwa mwekezaji. Ujenzi ulichelewa miaka kadhaa, na wabunge waliokwenda kukagua waliwahi kuzuiwa getini. Ahadi ya aina hiyo haionekani kama deni siku inapotolewa, lakini siku yake ikifika hulipwa kutoka mfuko ule ule unaonunua dawa za zahanati.

Ardhi yangu ikihitajika kwa mradi wa ubia, nani ananilipa?

Kwa kawaida serikali ndiyo yenye wajibu wa kutwaa ardhi na kumkabidhi mbia eneo likiwa huru, isipokuwa mkataba useme vingine. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kwanza, kabla ardhi haijachukuliwa. Viwango vya mazao na majengo yasiyo ya kudumu hupangwa na bodi ya ardhi ya wilaya, na Sheria ya Ardhi inaongeza posho ya usumbufu ya asilimia 15, au 30 ikiwa umetakiwa kuhama ndani ya miezi sita.

Ugumu uko kwenye tarehe ya tathmini. Ikishatangazwa, mwenye shamba huambiwa asipande mazao ya kudumu wala asijenge. Malipo yakichelewa miaka miwili au mitatu, kama ilivyotokea kwa familia nyingi kwenye njia ya bomba, bei ya ardhi ya jirani inakuwa imepanda huku shamba limelala. Tunza nakala ya fomu ya tathmini, piga picha za mazao ukiwa na mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), na usitie saini fomu ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo Busia, au Mutukula. Nawezaje kunufaika?

Usitarajie kuwa mbia mkuu. Mitaji inayohitajika si ya saizi yako. Nafasi iko kwenye ugavi. Katika sekta ya mafuta, kanuni za mwaka 2016 zimetenga bidhaa na huduma 16 kwa kampuni za Uganda, zikiwamo usafirishaji, ulinzi, vyakula na vinywaji, malazi, na uwakala wa forodha, lakini ni lazima uwe umesajiliwa kwenye daftari la taifa la wagavi linalotunzwa na Mamlaka ya Petroli. Wengi hukosa kwa sababu ya hati za kodi na uhaba wa mtaji wa kungojea malipo ya siku 60 au 90, hata bidhaa zao zikiwa nzuri. Wanaouza mboga au mayai huwa wanafanikiwa zaidi wakikusanyika katika ushirika mmoja wenye akaunti moja.

Kwa wanaovusha bidhaa, vituo vya pamoja vya mpakani vya Busia, Malaba na Mutukula vimepunguza kusimama mara mbili, na mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Bado wapo akina mama wanaopita njia za panya kwa kuogopa karatasi, na huko hutozwa zaidi kuliko ambavyo wangetozwa getini.

Raia anaweza kuona mkataba wa ubia?

Anaweza kuomba. Ibara ya 41 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 zinampa raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zinazohatarisha usalama wa taifa au faragha ya mtu. Mikataba mingi ina kifungu cha usiri wa kibiashara, na maofisa hukitumia kama ngao hata kwa kurasa ambazo hazina siri yoyote. Ripoti za kila mwaka za Mkaguzi Mkuu ni njia rahisi zaidi, kwa kuwa ziko wazi na mara nyingi hunukuu vifungu vyenyewe.

Ombi huandikwa kwa ofisa wa taarifa wa wizara au wilaya husika, likitaja waraka kwa jina lake kamili na si “taarifa zote kuhusu mradi”. Ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza, sheria inahesabu kuwa amekataa, na mwombaji anaruhusiwa kupeleka lalamiko lake kwa hakimu mkuu wa eneo.